Koboko wa Meserani na sisi wa Sumbawanga

Ndugu zangu, nimerudi salama kutoka Arusha na nimekuja na neno. Tulikuwa waandishi kumi na wawili kwenye semina. Siku ya mwisho wenyeji wetu wakatupakia kwenye Kosta hadi Meserani, kama kilometa 25 kutoka mjini, njia ya kwenda Dodoma, kwenye bustani ya nyoka iliyoanzishwa mwaka 1993. Kuna mamba na kobe pia, lakini nani aende kote huko kwa ajili ya kobe?

Nakiri, mbele ya kioo cha koboko nilirudi nyuma hatua mbili, wenzangu wa Dar wakacheka. (Mmoja wao aligoma hata kushuka kwenye gari, kwa hiyo sikuona aibu sana.) Lakini aliyenishika ni kifutu. Kalala tu mchangani, mnene, kama kipande cha gogo. Kijana aliyekuwa akitutembeza akasema: huyu akisikia hatua zako hakimbii, anategemea rangi yake imfiche, ukimkanyaga ndipo anauma.

Hapo nikamkumbuka mtoto wa jirani yetu kule bondeni Rukwa. Aliumwa jioni, kwenye njia ya shambani. Wakamfunga kamba, wakamchanja, wakamwekea jiwe la nyoka, kisha wakaanza kuulizana nani kamtuma nyoka. Hospitali alifikishwa siku ya tatu. Alipona, ila mguu ulikatwa.

Nani kamtuma! Jina lenyewe la mji wetu maana yake ni "tupa uchawi", na bado swali la kwanza ni hilo. Shirika la Afya Duniani linakadiria nyoka wanaua watu kati ya 81,000 na 138,000 kila mwaka, na mwaka 2017 liliingiza kuumwa na nyoka kwenye orodha ya magonjwa yasiyopewa kipaumbele. Wanaoumia zaidi ni wakulima na watoto wao. Yaani sisi tunaoinama kwenye ntumba na jembe mkononi.

Na msiniambie Mfipa hamjui nyoka. Roy Willis, Mwingereza aliyefanya utafiti Ufipa miaka ya 1960, aliandika jinsi wazee wetu walivyomheshimu chatu na kumhusisha na mizimu ya nchi. Siku hizi chatu, ambaye hana hata sumu, akionekana tu ni mawe.

Ninachodai si kikubwa. Chumba kimoja pale Sumbawanga, masanduku kumi ya vioo, mtaalamu mmoja, na watoto wa shule za msingi wapelekwe kwa zamu. Wamwone kifutu akiwa nyuma ya kioo kabla hawajamkuta njiani. Waambiwe palepale kwamba aliyeumwa hachanjwi, hafungwi kamba, anatulizwa na kukimbizwa hospitali. Na huko hospitali dawa ya sumu iwepo, vinginevyo tumewapotezea muda.

Nilimweleza rafiki yangu mmoja wazo hili, akaguna. "Ufuge nyoka Sumbawanga? Watasema umekuwa mchawi."

Waseme. Kiingilio chao nitalipa mimi.