Walivunja meza Kinshasa, siye tukabaki nje ya zone

Ndugu wachimbaji, mama twangaises, na ninyi munaobaki nyumbani mukingojea mutu arudi kutoka shimoni,

Mukumbuke mwezi wa 12 mwaka 2020. FCC na CACH walikosana mu bunge la taifa mpaka viti vikaruka na meza zikavunjika. Tarehe 10, Mama Jeanine Mabunda akatolewa ku kiti cha prezidenti wa bunge, kura 281 kwa 200. Mwezi wa kwanza 2021 serikali nayo ikaangushwa. Serikali mupya ilipata kura ya bunge tarehe 26 mwezi wa 4 tu.

Hiyo inatuhusu nini? Sheria ya migodi inasema mchimbaji awe na karte, awe ndani ya kooperative, achimbe mu zone ya wachimbaji wadogo. Zone hiyo inafunguliwa na sahihi ya waziri wa migodi. Sasa waziri anayengojea kufukuzwa atafungua zone gani? Na nje ya zone, wewe ni fraudeur, hata kama babu yako alizaliwa ku kilima kile.

Hatukatai wabunge wabishane, ni kazi yao. Lakini siku zile hawakubishana juu ya mashimo yetu. Waligombania viti.

Mbunge akirudi Uvira kuomba kura, musimuulize chama chake. Mumuulize: ulipigia sheria gani kura, na zone ngapi ulitudaia kwa waziri?