Goma: Dosie ikikataa kufutika, flashi ya mkimbizi isifomatiwe ovyo

Katika vibanda vya kuchapa na kufotokopi karatasi mjini Goma kuna desturi mbaya ambayo wakaaji wameizoea kupita kiasi. Mtu analeta flashi yake na kuomba dosie moja ifutwe ili apate nafasi. Kompyuta inakataa. Kijana wa kibanda anajaribu mara mbili, anasema "hii ina virusi", kisha anafomati flashi nzima na kudai malipo.

Kwa mtu wa nyimbo na filamu, hasara ni ndogo. Kwa familia iliyokimbia Masisi ao Rutshuru, flashi hiyo ndiyo kabati la nyumba iliyoachwa: picha ya kadi ya mpiga kura, ambayo raia wengi wa Kongo huitumia kama kitambulisho, cheti cha kuzaliwa cha mtoto, diploma ya serikali, hati ya kiwanja. Karatasi zenyewe mara nyingi zilibaki kijijini ao zilipotea njiani. Anayefomati bila kuuliza anamnyima mtu ushahidi wa jina lake, halafu anamlipisha kwa kazi hiyo.

Tena mara nyingi hapakuwa na lazima yoyote. Sababu ya kawaida ni kwamba faili fulani ndani ya dosie bado imefunguliwa na programu nyingine, na Windows haikubali kufuta kinachotumika. Ifungwe Word, zifungwe picha, unyamazishwe hata muziki wa kibanda ikiwa unatoka kwenye flashi hiyohiyo. Ikigoma bado, kompyuta izimwe, iwashwe upya, na dosie ifutwe kabla ya kufungua kitu kingine. Ni dakika chache tu. Wakati mwingine jina la faili pamoja na njia yake limepita herufi 260. Kufupisha majina ya dosie kunatosha.

Kuna pia virusi vinavyoficha dosie na kuacha alama za njia ya mkato mahali pake. Fundi mvivu huona takataka, kumbe dosie za mteja zingali mlemle, zimefichwa. Virusi visafishwe, kisha amri ya attrib -h -r -s /s /d itolewe ndani ya flashi, zitaonekana.

Flashi iliyochomolewa haraka, ao iliyokatikiwa umeme wakati wa kunakili, ni jambo zito zaidi. Hapo kwanza vinakiliwe vyote vinavyosomeka, ndipo itumike chkdsk pamoja na herufi ya flashi na /f. Kugeuza mpangilio huo ni hatari, kwa kuwa ukarabati wenyewe unaweza kuharibu faili.

Wenye vibanda watajibu kwamba foleni ni ndefu na wateja hawajui kompyuta. Mteja asiyejua ndiye wa kuulizwa kwanza: "Mama, ndani kuna nini?" Na nakala iliyowekwa kwenye kompyuta ya kibanda ifutwe mbele yake, hadi kwenye pipa la taka, maana kitambulisho chake si mali ya kila anayepita.

Aliyefomatiwa flashi jana asiweke ndani yake hata wimbo mmoja. Kufomati kwa haraka huacha faili nyingi mahali pake mpaka zifunikwe na nyingine, na PhotoRec, programu ya bure, inaweza kuzitoa. Zilizotolewa zihifadhiwe kwenye diski nyingine.