Bastola ya shabaha: kibali kwanza

Ndugu mmoja aliyerejea nyumbani baada ya miaka mingi ughaibuni aliniuliza bastola ipi inafaa kwa mchezo wa shabaha. Nilimshauri aanze na bastola ya hewa ya milimita 4.5, ipigwayo umbali wa mita 10. Vilengeo vyenye lenzi aviache, Olimpiki haiviruhusu. Achukue vya wazi vinavyorekebishika, na jicho litulie kwenye kile cha mbele, si kwenye shabaha. Kati ya kilengeo cha mbele na cha nyuma kukiwa na milimita 300, kosa la milimita 1 hupeleka risasi sentimita 3 pembeni.

Swali lake la pili lilinishtua: je, aivushe mpakani ndani ya mizigo ya biashara? Hapana, ndugu yangu. Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 inazitaka nchi zetu zidhibiti silaha ndogo mikononi mwa raia. Bastola moja iliyofichwa guniani inatosha kumtia hatiani mwenye gunia, na wafanyabiashara wenzake wote wakaanza kupekuliwa kama majambazi. Mpaka huo ndio riziki yetu. Tafuta kibali kwanza, bastola baadaye.