Kigoma inazaa mastaa, Kibondo tunasubiri kampeni

Leo naongelea shoo za muziki, ila msidhani nimehamia kwenye udaku. Hii ni siasa kabisa.

Mwaka juzi aliletwa Kasulu msanii mmoja kutoka Dar, jina nalihifadhi. Kiingilio buku tano. Tulisimama toka saa 3 usiku, jamaa akapanda saa 7. Nyimbo nne, zote juu ya CD. Kuna mahali alishusha maiki akajifuta jasho na sauti ikaendelea kuimba! Watu wakacheka, halafu wakanyamaza. Dakika kama 20 tu, huyo kwenye gari.

Lakini kabla yake alipanda dogo mmoja wa hapa hapa. Katikati ya wimbo umeme ukakatika. Dogo hakushuka jukwaani, alirukia katikati ya watu akaanza kuchana kwa mdomo mtupu, Kiswahili na Kiha vimechanganyika, sisi tunampigia biti kwa makofi na kwa kugonga bati la ukuta. Vumbi lilitimka jamani. Mimi kesho yake sauti sina. Na nilivyosikia, dogo hakulipwa hata mia.

Sasa twende kwenye hoja. Mkoa huu kwa mastaa hauna mpinzani. Diamond mama yake ni mtu wa Kigoma, kuna Mwasiti, kuna Linex, kuna Ommy Dimpoz. Mwaka 2012 Zitto Kabwe, wakati huo mbunge wa Kigoma Kaskazini, aliwakusanya wakatoa Leka Dutigite, yaani acha tujivune. Mwisho wa 2019 Diamond akaja na treni kusherehekea miaka 10 ya muziki, Uwanja wa Lake Tanganyika ukajaa. Safi sana. Ila Lake Tanganyika iko Kigoma Mjini. Kutoka Kasulu ni karibu kilomita 100, kutoka Kibondo ni zaidi ya 200. Nauli ya kwenda na kurudi, kula, pa kulala, halafu ndo kiingilio.

Zamani tuliambiwa tatizo ni barabara na umeme. Haya, lami imejengwa kipande kwa kipande, na Oktoba 2022 Rais Samia alikuja kuzima majenereta baada ya gridi ya taifa kufika huku. Mbona mastaa bado wanaishia Mjini?

Jibu langu ni hili. Promota anapiga hesabu ya mlangoni. Kibondo hela ipo watu wakishauza mahindi na maharage, miezi mingine mfukoni ni upepo. Hawezi kumlipa staa na vyombo kwa kubahatisha. Anayeweza kumleta bila kutegemea kiingilio ni nani? Chama. Mwaka 2020 Diamond, Harmonize na Alikiba wote walipanda majukwaa ya CCM. Kwa hiyo kijana wa huku anaona shoo kubwa ya bure kila baada ya miaka mitano, na amesimama katikati ya bendera.

Hapo ndipo panaponiuma. Kwenye kampeni anayelipa siye anayesikiliza. Msanii hana sababu ya kutoka jasho, anaimba kipande kimoja kilichotiwa jina la mgombea, anashuka. Sisi tunahesabiwa kama umati.

Na siasa na muziki vimeshaoana kabisa. Mwaka 2025 Baba Levo, msanii, alitangazwa mbunge wa Kigoma Mjini kwa CCM, aliyeshindana naye ni Zitto yule yule wa Leka Dutigite! Simlaumu mtu. Lakini mbunge anayejua jukwaa kwa miguu yake, mimi namdai zaidi kuliko mwingine. Hata akisema Mjini ndo jimbo lake, neno lake kwa mapromota lina uzito mpaka huku milimani.

Wenye kumbi Kasulu na Kibondo nao wajaribu: kiingilio buku moja, madogo wa hapa watano, maiki zinazofanya kazi, na kila dogo apewe chake kabla hajashuka. Mimi nitakuwa wa kwanza mlangoni.

Nyie wa Kibondo, mara ya mwisho mliona nani live bila kofia ya chama kichwani? Tajeni hapo chini, na mwaka.