Uboho wa Mmanyema: majibu kwa wanaokataza

Ikitajwa habari ya kumchangia uboho mgonjwa wa kansa ya damu, huku kwetu Maniema, Kasongo na Kabambare, utasikia maneno yale yale, sokoni, msikitini, kanisani, na kwenye makundi ya WhatsApp yanayounganisha ndugu wa hapa na wale wa Bruxelles. Mengi si kweli. Moja ni kweli, nalo nimeliweka mwisho kwa sababu ndilo linalostahili jibu zito.

"Ukitoa uboho utapooza." Hapa watu wanachanganya vitu viwili. Ndani ya uti wa mgongo mna neva, na anayechukua uboho hagusi huko. Uboho unaotafutwa umo ndani ya mifupa; huchotwa kwenye mfupa wa nyonga, kwa nyuma, mtoaji akiwa amelazwa usingizi. Akiamka kiuno kitamuuma siku kadhaa, na baada ya wiki chache mwili umekwisha kurudisha kilichotoka. Njia hiyo yenyewe siku hizi ni ya wachache. Watoaji karibu 9 kati ya 10 hukaa kitini saa 4 au 5, damu ikitoka mkono mmoja, ikipita kwenye mashine inayochuja seli shina za uboho, na kurudi mwilini kwa mkono wa pili. Kabla ya hapo huchomwa sindano siku 4 au 5 ili seli hizo zitoke kwenye mifupa ziingie kwenye damu. Sindano hizo huleta maumivu ya mifupa na kichwa, na uchovu kama wa malaria. Madhara makubwa ni nadra sana, lakini anayekuahidi kwamba hutasikia chochote naye anakudanganya.

"Ndugu wapo, mgeni wa nini?" Tuhesabu. Ili uboho upokelewe, alama za kinga ziitwazo HLA lazima zilingane, na kila mtu hurithi nusu kwa baba, nusu kwa mama. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ana nafasi 1 kati ya 4 ya kulingana na mgonjwa. Mwenye ndugu 5 wa namna hiyo ana uwezekano wa asilimia 76 hivi kupata angalau mmoja, na hapo familia zetu kubwa zinamshinda Mbelgiji mwenye dada mmoja. Lakini nyumba ya mitala isijidanganye kwa wingi: watoto wa baba mmoja na mama tofauti ni nadra mno kulingana kikamilifu, hata wakiwa 20. Na ndugu aliyelingana anaweza kuwa mgonjwa, au mjamzito, au vita vilimchukua zamani. Hospitali kubwa sasa huweza kutumia mzazi au mtoto aliyelingana nusu, na jambo hilo limeokoa wengi. Hata hivyo wapo ambao tumaini lao ni mtu wasiyemjua kabisa.

"Wazungu wana watoaji mamilioni, hawatuhitaji sisi." Kweli, duniani waliojiandikisha kwenye rejista za watoaji ni zaidi ya milioni 40. Wengi wao asili yao ni Ulaya, na alama za HLA hufuata asili. Afrika ndilo bara lenye watu wanaotofautiana zaidi katika alama hizo. Kwa takwimu za rejista ya Marekani, mgonjwa mweupe ana nafasi ya asilimia 79 ya kumpata mtu wa kulingana naye kikamilifu. Mweusi ana 29. Pale Uingereza, Daniel De-Gale aliugua kansa ya damu akiwa na miaka 6, na rejista ya nchi hiyo ilikuwa na mamia machache tu ya watu weusi. Wazazi wake, Beverley De-Gale na Orin Lewis, walianzisha shirika la ACLT mwaka 1996 ili kuwahamasisha weusi wenzao. Mwaka 1999 akapatikana mwanamke Mmarekani, na Daniel akawa mweusi wa kwanza Uingereza kupandikizwa uboho wa mtu asiye ndugu yake. Aliishi hadi 2008.

Sasa mfikirie mgonjwa Mzimba wa Kasongo au Mbangubangu wa Kabambare. Misafara ya pembe na watumwa ya karne ya 19, enzi za Tippu Tip, iliwatawanya Wamanyema hadi Ujiji, Bujumbura na Kariakoo, na ikawaleta watu wa pwani kuja kuzaa huku. Mwenye alama zinazolingana na zake huenda anauza vitenge Ujiji, au anaendesha teksi Bruxelles. Tatizo ni kwamba hajajiandikisha.

"Kansa ni ugonjwa wa Ulaya." Daktari Denis Burkitt aliandika mwaka 1958, akiwa Kampala, juu ya uvimbe wa taya unaowashika watoto wa Afrika, na baadaye ikajulikana kwamba kansa hiyo hustawi penye malaria nyingi. Malaria Maniema tunayo. Tena uboho hautibu kansa tu. Mwaka 1988 madaktari wa Ubelgiji walitangaza kwamba wamewapandikiza watoto 5 wenye selimundu, ule ugonjwa wa SS unaozisumbua nyumba nyingi hapa. Sasa Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, inafanya hivyo hivyo kwa kutumia uboho wa ndugu.

"Dini inakataza." Baraza la Fiqhi la Kiislamu, lililokutana Jeddah Februari 1988, liliruhusu kumpa mwingine kile ambacho mwili hukirudisha wenyewe, kama damu na ngozi, mtoaji akiwa na akili timamu na hiari yake. Papa Yohane Paulo wa Pili naye alisifu kutoa viungo katika waraka wake wa 1995. Anayekataza ataje aya.

"Kasongo hakuna pa kujiandikisha." Hilo ndilo la kweli. Kusini mwa Sahara, Afrika Kusini ina rejista, Nigeria inayo, Kongo hatuna. Sitamwambia kijana wa hapa aende kutafuta kisichokuwepo. Nasema na watoto wetu walioko Ubelgiji, Uingereza, Ujerumani, Marekani na Afrika Kusini: ninyi mlango mnao. Jiandikisheni mkiwa bado vijana, kwa sababu rejista nyingi hutafuta zaidi walio chini ya miaka 35. Mara nyingi ni kupitisha kijiti cha pamba ndani ya shavu, basi. Na mkiitwa, msikubali leo mkakataa kesho, maana kabla ya kupandikizwa, uboho wa mgonjwa huuawa wote kwa dawa, na mtoaji akigeuka hapo anamwacha hana kitu.

Nanyi mlioko hapa, toeni damu. Mgonjwa wa kansa ya damu huishi kwa damu za watu, mtoto wa SS vivyo hivyo, na mtoto aliyeishiwa damu kwa malaria kali hana saa nyingi za kungoja familia imtafute mjomba wa kuchangia. Mwanaume mwenye afya anaweza kutoa kila miezi 3, mwanamke kila miezi 4. Ulizeni hospitali kuu, mwende kabla mgonjwa wenu hajalazwa.