Kompyuta Iliyo Wazi: Tumfundishe Mtoto Kufungua, Si Kubonyeza Tu

Wanachuo wanapojadili ufundishaji wa kompyuta katika shule za msingi, swali lisilokosa kuulizwa ni hili: zitatoka wapi? Swali hilo ni la haki, lakini si la kwanza. La kwanza ni kwamba mtoto ajifunze nini juu ya chombo hicho. Kwa maoni yangu, mtoto anayefundishwa kubonyeza vitufe tu amefundishwa kuwa mteja. Aliyeonyeshwa mchoro wa chombo, akaelewa kila sehemu ina kazi gani, ameanza kuwa fundi. Mwalimu wa shule ya msingi ndiye anayechagua kati ya hao wawili.

Yafaa kwanza ieleweke kwamba kompyuta si lazima iwe na kioo na kibodi. Ndani ya mita ya LUKU mna kompyuta ndogo iliyopachikwa kwa kazi moja: kupokea tarakimu, kuhesabu umeme unaotumika, na kuukata unapokwisha. Kompyuta ya bodi moja ni ndugu yake mkubwa. Prosesa, kumbukumbu na matundu ya kuunganishia, vyote vimelehemiwa juu ya kibao kimoja. Raspberry Pi, iliyoanza kuuzwa Uingereza mwaka 2012 kwa dola 35, ilikuwa na urefu wa milimita 85 na upana wa milimita 56, karibu sawa na kitambulisho cha taifa.

Lakini tusichanganye kilicho rahisi na kilicho wazi. Raspberry Pi ni ya bei nafuu, ila watengenezaji wake hawatoi michoro yote. Kibao cha Arduino, kilichoanzia mji wa Ivrea, Italia, mwaka 2005, na kompyuta ya BeagleBone Black ya mwaka 2013, michoro yao imetolewa hadharani. Mtu yeyote anaruhusiwa kuisoma, kuibadili, kutengeneza kibao chake kwa haja yake na hata kukiuza. Hayo ndiyo yanayoitwa maunzi huria.

Sisi wa miteremko ya Kilimanjaro hatuhitaji maneno mengi kueleza faida ya jambo hili. Mfongo unaoleta maji mashambani njia yake inajulikana, tangu kwenye chanzo hadi shamba la mwisho. Ukibomoka, watu hutoka na majembe kwa sababu wanajua pa kuziba. Chombo kisicho na mchoro ni sawa na mfongo uliochimbwa usiku chini ya ardhi: maji yakikatika, wote hukaa wakimngoja aliyeuchimba. Fundi redio wa Kiboriloni akiletewa chombo cha namna hiyo, hana budi kubahatisha.

Wala tusidhani kwamba haya ni mambo ya ng'ambo pekee. Wanasayansi wa vyuo vikuu vya Bath na Cambridge walibuni hadubini iitwayo OpenFlexure, wakaitoa michoro yake kwa watu wote. Sehemu zake nyingi ni za plastiki iliyochapwa kwa mashine, na ndani yake mna Raspberry Pi yenye kamera. Mafundi wa STICLab, Dar es Salaam, waliiunda hapa hapa nchini, na Taasisi ya Afya ya Ifakara ikashiriki kuijaribu katika uchunguzi wa malaria. Makala ya kitaalamu ya mwaka 2020 iliandikwa na wote kwa pamoja. Mchoro uliofichwa usingaliwafikisha hapo.

Je, mwalimu aanzie wapi? Aanzie kwenye kanuni tuijuayo sote: kutoka kinachojulikana kwenda kisichojulikana. Kwanza, betri ya tochi, balbu na waya. Kila mwanafunzi aichore saketi yake. Pili, redio mbovu ya betri, iliyotolewa betri zake; wanafunzi wazitaje sehemu na kazi zake. Tatu, mchezo wa maagizo: mmoja aangalie dirishani na kusema kama kuna mwanga au giza, wa pili ashike kadi iliyoandikwa "Kukiwa na giza, washa" na kuamuru, wa tatu ashike tochi. Kisha kadi ibadilishwe. Darasa litaona kwamba tochi ni ile ile, ila kazi imebadilika. Hiyo ndiyo maana ya programu. Nne, kibao chenyewe, hata kikiwa kimoja, kwa zamu na kwa makundi. Watoto wasiguse kamwe umeme wa ukutani, televisheni iliyofunguliwa, wala betri ya simu iliyovimba.

Wako watakaosema mtoto wa darasa la nne hawezi kuunda kompyuta. Ni kweli, wala hatumtaki aunde. Tunataka asikiogope chombo. Shule iliyopewa kompyuta asizozijua mtu ndani, moja ikiharibika huwekwa stoo, na ya pili huifuata. Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa mwaka 1967, ilisisitiza akili ya kudadisi na uwezo wa kujitegemea. Haiwezekani kuyapata hayo kwa chombo kisichoruhusiwa kufunguliwa.

Kwa hiyo, mwanachuo, utakapokwenda mazoezi ya kufundisha usingoje chumba cha kompyuta kijengwe. Betri, balbu, waya na kadi moja ya maagizo vinatosha kwa somo la kwanza.