Usimuulize Mama Kama Ana Wasiwasi

Mheshimiwa Waziri wa Afya, Zanzibar,



Mama yangu ana miaka 78, anakaa ghorofani Mji Mkongwe, na hajapata kukiri kwamba anaogopa kuanguka. Tangu ateleze uani mwaka juzi haendi shughulini na hakai tena kwenye mbuzi kukuna nazi. Ukimuuliza kulikoni, atakwambia kazi hizo sasa ni za vijana.

Mimi ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo, nikamsomea dodoso la kazini la kupima hofu ya kuanguka. Linaitwa FES-I. Lilitolewa mwaka 2005 na wataalamu wa Ulaya, akiwemo Lucy Yardley, na lina maswali 16. Kila jibu hupewa alama 1 hadi 4, kwa hiyo asiyejali kabisa hupata 16 na aliyehofu kupita kiasi 64. Walioliandika waliliepuka neno "hofu" kwa makusudi, maana lina uzito wa hisia, wakachagua neno la Kiingereza lililo jepesi zaidi. Karatasi yangu, iliyotafsiriwa haraka haraka, ililigeuza hilo kuwa "wasiwasi".

Mama akanikazia macho. Wasiwasi kwake ni ule wa mtu anayerudia kutawadha mara tano, ule wa shetani. "Mimi sina wasiwasi, alhamdulillahi." Tukamaliza maswali yote kwa jibu hilo hilo. Akapata 16, mtu asiyeshuka ngazi bila kushikwa mkono!

Na maswali yenyewe? Moja linauliza kuhusu kukimbilia simu kabla haijaacha kulia. Simu ya mama iko kwenye fundo la kanga. Jingine ni la kuinuka kitini, naye maisha yake yako mkekani. Hakuna linalouliza kuhusu choo cha kuchuchumaa, kuinuka kwenye sijda, au daladala ya kupandia nyuma. La njia isiyo sawa, hilo nakiri linatufaa. Nani hajajikwaa kwenye vichochoro vyetu?

Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo 684,000 kila mwaka kwa sababu ya kuanguka, zaidi ya asilimia 80 katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Hofu nayo ina mchango wake: mzee huacha kutembea, miguu ikalegea, na kuanguka kukawa karibu zaidi.

Ombi langu, Mheshimiwa, si kuyatupa maswali 16. Tukiyatupa hatutaweza kujilinganisha na wengine. Tuongeze yetu pembeni, na kabla ya kuyapeleka vituoni wizara ikae na wazee wenyewe, Makunduchi na Micheweni, isikie wanatumia neno gani. Orodha ya wenye miaka 70 na kuendelea Serikali inayo. Imekuwa ikiwalipa pensheni jamii tangu 2016. Majibu yao yalinganishwe na yale wanayoyaona watoto na wajukuu wanaoishi nao.

Na tuulize kilichoachwa kufanywa. Baada ya karatasi ile nilimuuliza mama mara ya mwisho kwenda kwa dada yake Ng'ambo ilikuwa lini. Alinyamaza, kisha akaanza kuhesabu Ramadhani kwa vidole.

Wako katika kazi,
Mtaalamu wa mazoezi ya viungo, Unguja